Mgeni wa Saa Mbili

Wahenga wetu walinena: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengi huichukua methali hii kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, na hivyo ndivyo inavyosomeshwa madarasani. Lakini tukiitazama vizuri tutaona kwamba ndani yake mna heshima kubwa kuliko onyo. Jembe hapewi mpita njia. Jembe hupewa mtu ambaye wenyeji wamekwisha kumkubali kuwa mwenzao, ale wanachokula, na alime wanapolima. Mgeni anayeondoka kabla ya siku ya tatu amekosa udugu, wala hilo si hasara ndogo.

Twaianza makala hii kwa methali hiyo kwa sababu umeenea nchini mwetu mtindo wa kutembelea mahali pa kale ambao twauona kuwa una madhara kwa utamaduni wa taifa. Mfano wake ulio wazi ni Kilwa Kisiwani. Basi la wanafunzi au la watumishi huondoka Dar es Salaam alfajiri, likapita mto Rufiji juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2003, likakata kona Nangurukuru, na baada ya kilomita zipatazo 300 likafika Kilwa Masoko. Hapo wasafiri huchukua kibali, huingia mashuani, huvuka mkono mwembamba wa bahari, wakateremka kisiwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Huzungushwa msikitini na ngomeni, hupiga picha wakiegemea nguzo, hununua madafu, wakauliza saa ya kurudi. Kisha husema: "Tumeiona Kilwa." Tena siku hizi meli kubwa za watalii hutia nanga huko na kuwashusha mamia ya watu kwa mpigo, nao huondoka kabla maji hayajageuka.

Sisi twasema kwamba hawakuiona Kilwa. Nasi twaongeza jambo zito zaidi: kwamba ziara ya namna hiyo, hasa kwa kijana wa shule, ni mbaya kuliko kutokwenda kabisa. Asiyekwenda hubaki akijua kwamba hajui. Aliyekwenda kwa saa mbili hurudi na picha mkononi na uongo kichwani, na uongo huo ataulinda maisha yake yote kwa kusema: "Nilifika mwenyewe."

Uongo wa kwanza ni kwamba Kilwa ni mji uliokufa, tena wa wageni. Mtu anayepita mbio huona kuta zisizo na paa, huambiwa neno "magofu," na husikia majina ya Shirazi, Oman na Ureno. Basi hukata shauri kwamba watu wa mbali walikuja, wakajenga, wakaondoka, na kwamba wavuvi na wakulima awaonao pale ni wapangaji waliohamia katika nyumba ya mtu mwingine. Fikra hii ilipandwa na waandishi wa enzi ya ukoloni, ambao hawakuweza kukubali kwamba Mwafrika aliweza kujenga kwa mawe. Ukoloni ulishusha bendera yake mwaka 1961, lakini fikra yake bado hupanda mashua kila juma kwenda Kisiwani.

Wenyeji wenyewe wasemaje? Katika mapokeo ya Kilwa yaliyosimuliwa kwa Kiswahili, na kuchapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1907, habari haianzi na Mwajemi. Yaanza na Wamtakata, kisha Wamranga, kisha mtu aitwaye Mrimba wa kabila la Wamachinga, ambaye alikuwa mkubwa wa Kisiwani. Ndipo akaja Sultani Ali na watu wake kutoka Uajemi, akaoa binti wa Mrimba, na kisiwa akakipata kwa nguo zilizotandikwa. Nao waraka wa Kiarabu wa historia ya Kilwa, ulioandikwa katika karne ya 16, wasimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa mwenye nchi kwa kiasi cha nguo cha kukizunguka. Watu wakisoma kisa hicho hutazama ukubwa wa nguo wakasahau maana ya biashara. Nani huuza asicho nacho? Kisa ambacho wengine hukitumia kuthibitisha kwamba Kilwa ni ya wageni ndicho kinachoshuhudia kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe.

Na huyo mwenyewe alikuwa Mmachinga. Sisi wa mwambao huu wa Kilwa, Kilangala, Mchinga na Lindi twalijua jina hilo kuwa ni la ndugu na majirani zetu. Mjini Dar es Salaam jina la machinga limekuwa la vijana wanaochuuza bidhaa barabarani, na hutajwa mara nyingi wanapofukuzwa. Ni wanafunzi wangapi walioambiwa, walipokuwa wamesimama Kisiwani, kwamba jina hilo hilo latajwa katika mapokeo ya pale kuwa ni la mkuu wa kisiwa? Jambo hilo moja lingetosha kumfanya kijana wa Kilangala atembee kichwa juu. Lakini halimo katika ziara ya saa mbili, maana halikuandikwa ukutani.

Ushahidi mwingine umetoka kwa wataalamu wa sayansi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya mwambao, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo. Ilionekana kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili iliyochanganyika tangu kama mwaka 1000: upande wa akina mama hasa ni wa Afrika, na upande wa akina baba kwa sehemu kubwa ni wa Uajemi. Twaomba msomaji alitazame jambo hili pasipo hamaki. Halimpi ushindi yule asemaye kwamba kila kitu kililetwa, wala yule akanaye kwamba palikuja watu. Lasema lile lile lililosemwa na mapokeo: mgeni alikuja, akaoa binti wa mwenye nchi, na watoto wakalelewa na mama zao, katika lugha ya mama zao. Lugha hiyo ndiyo tunayoiandika hapa.

Uongo wa pili ni kuona kazi bila ya kumwona mfanyakazi. Mpita mbio husifu Msikiti Mkuu kwa kuba zake na matao yake, kisha huuliza: "Ni mfalme gani aliyejenga?" Hujibiwa kwamba sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, na kwamba ile pana ya kusini yahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa mwanzo wa karne ya 14. Jibu hilo ni sahihi, lakini Sultani hakupiga mbizi. Aliyejenga ni mtu aliyeingia baharini wakati wa maji kupwa akakata matumbawe yangali laini, akayachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu. Ni mtu aliyepanga magogo duara juu ya duara, akaweka mawe juu yake, akatia moto, akaiacha chokaa ipoe na kuiva hadi ifae. Ni mtu aliyekwenda mikokoni kukata boriti. Na boriti hizo ndizo zilizotawala ujenzi wote: vyumba vya nyumba za kale za mwambao ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti. Basi kila chumba kina kipimo cha mti uliokatwa na mtu wa hapa, kwa shoka lake, katika kinamasi chake.

Mambo haya hayajapotea. Wako wazee mwambaoni wanaojua kuchoma chokaa, na wako vijana wanaojua tofauti ya mkoko wa boriti na mkoko wa kuni. Kuzungumza nao kwa nusu siku kwamfundisha mwanafunzi historia, jiografia, fizikia na Kiswahili kwa pamoja. Lakini mzee hamwagi elimu yake mbele ya mtu anayetazama saa.

Vivyo hivyo kwa vitu vidogo. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na maandishi yake yana vina: upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili sifa za Mola, na pande hizo mbili zapatana kwa sauti kama mishororo ya shairi. Sarafu moja ya Kilwa ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Taifa ambalo mababu zake walitia vina hata katika fedha za sokoni halina haki ya kuwaambia vijana kwamba ushairi ni kazi ya wasio na kazi. Lakini sarafu ni ndogo kuliko jengo, haifai kuegemewa wakati wa kupiga picha; hivyo mpita mbio haulizi habari yake.

Uongo wa tatu ndio unaotuuma zaidi, nao ni kusimama kwenye utukufu na kuruka huzuni. Ziara ya haraka yataka kitu cha kufurahisha. Humwonyesha mtu jumba la Husuni Kubwa, kama muda watosha kufika huko mashariki, pamoja na vyumba vyake vipitavyo 100 na birika lake la pembe nane. Humwambia kwamba dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Kisha humrudisha mashuani. Haimwambii kwa kirefu kwamba Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 akatoza kodi kwa vitisho vya mizinga, na kwamba mwaka 1505 Francisco d'Almeida aliushambulia mji, askari wake wakaupora, akamtawaza mtu aliyemtaka yeye, na akajenga ngome. Wareno waliiacha ngome hiyo mwaka 1512. Wao nao walikuwa wageni wa haraka: hawakuja kulima, walikuja kuchukua.

Wala haimwambii kwamba mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Hapa twataka kusema wazi, maana utetezi wa utamaduni si kujipaka mafuta. Mkataba una pande mbili. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa kuwatoa watu wa bara, watoto wa ardhi ya kusini, wakauzwa kama magunia. Waliouza hawakuwa wageni peke yao. Mwalimu anayewapeleka vijana Kisiwani na kuwaficha habari hiyo awafundisha majivuno, na majivuno si elimu.

Tena Kivinje si mbali na Masoko. Ni mwendo wa gari usiofika saa moja. Huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Hassan bin Omari, aitwaye Makunganya, mwaka 1895, kwa kuwa alikataa kutawaliwa. Nyuma yake iko milima ya Matumbi, ambako mwezi wa Julai 1905 wananchi waling'oa pamba ya mkoloni na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Basi gari la wanafunzi hupita kando ya makaburi ya mashujaa wao, madirisha yamefungwa na muziki ukipiga, likienda kutazama kuta. Hiyo ndiyo safari ya utamaduni?

Twajua watatokea watu wa kutupinga. Wa kwanza atasema: "Shule zetu ni maskini. Afadhali saa mbili kuliko sifuri." Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau, kwani twawajua walimu wanaochangisha senti kwa senti ili watoto wao waone bahari. Lakini fedha nyingi ya safari hiyo huliwa na gari na mafuta, si na kukaa. Shule ikiomba kulala katika madarasa ya shule mwenzake ya Masoko wakati wa likizo, ikabeba mchele wake na mikeka yake, kukaa siku tatu hakuzidi sana gharama ya kukaa saa mbili. Kinachopungua ni subira na matayarisho, wala si fedha.

Wa pili atasema: "Utalii huleta fedha za kigeni. Mnawafukuza watalii?" La, hasha! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twataka mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hupona kwa mgeni anayelala, anayekula samaki wa pale, anayemlipa mwongozaji kwa siku nzima na mwenye mashua kwa safari nyingi. Mgeni wa saa mbili, aliyekuja na maji yake na chakula chake katika kisanduku, humwachia mwenyeji nyayo na takataka. Kwa hiyo hata hesabu ya duka haiko upande wake.

Wa tatu, ambaye ni msomi, atatuambia: "Ibn Battuta naye alipita tu, na kitabu chake chasomwa hadi leo." Ni kweli, msafiri huyo alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akaandika kwamba wengi wa watu wake walikuwa Wazanji weusi wenye chale usoni, na akausifu sana ukarimu wa Sultani. Twamshukuru. Lakini tazameni. Katika baadhi ya matini na tafsiri zake zinazosomwa leo, yasemwa kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti. Katika tafsiri nyingine hakuna neno hilo. Na wataalamu wabishana, huku kuta za mawe za zama hizo zimesimama zikiwatazama. Tena alitueleza mengi juu ya barza ya mfalme kuliko juu ya jiko la mvuvi, kwa kuwa alionyeshwa barza. Ikiwa msafiri mkubwa kama yeye, kwa kupita, aliacha shaka juu ya jambo la wazi kama ukuta, sembuse kijana mwenye simu ya picha?

Lakini hatukushika kalamu kulaumu tu. Twasema kwamba safari ya kwenda Kilwa na ianze darasani, mwezi mzima kabla ya gari kuwashwa. Wanafunzi wasome mapokeo yote mawili, ya Kiswahili na ya Kiarabu, waone yanapopatana na yanapohitilafiana. Wajiulize kwa nini nakala ya waraka huo wa Kiarabu, iliyotolewa na Sultan Barghash kwa John Kirk mwaka 1877, iko London na si Kilwa. Kila mmoja aende na swali lake, aliloliandika mwenyewe, lisilojibika kwa kutazama tu.

Wakifika, siku ya kwanza watembee na kunyamaza. Siku ya pili waketi na wenyeji, mvuvi, mfinyanzi, mwashi, mama anayesuka ukili, waandike maneno yao kama yanavyotamkwa, maana mengi kati ya hayo hayamo katika kamusi. Na siku ya tatu wapewe jembe, tena twasema jembe hasa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuko na mizizi ikipasua kuta. Yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kukarabati na kuzuia mmomonyoko, ambayo wananchi wa visiwa hivyo walishiriki. Bahari haikustaafu mwaka 2014. Mikoko yahitaji kupandwa, magugu yahitaji kung'olewa chini ya macho ya fundi anayejua lipi ling'olewe na lipi liachwe. Kijana aliyepanda mkoko mmoja Kisiwani hataliita tena jengo lile "magofu ya Waarabu." Ataliita letu, na ataeleza sababu.

Na shule isiyoweza kwenda Kilwa kabisa isikae ikilia. Elimu hii haina kisiwa kimoja. Kijana wa Kilangala anayo Mchinga ya kuuliza habari za Wamachinga. Anacho kilima cha Tendaguru katika Lindi yetu hii, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, mamia ya wapagazi wakibeba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale hadi bandarini Lindi, na ambako mmoja wao alitoka kwenda kusimama katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake ukipita mita 13. Wapagazi hao walikuwa babu za nani? Walilipwa nini? Waliimba nyimbo gani njiani? Swali hilo halihitaji gari, lahitaji miguu na heshima mbele ya wazee, kabla wazee hawajaondoka na majibu yao.

Tumeyatunga haya katika ubeti mmoja, ili iwe rahisi kwa wanafunzi kuyahifadhi:

Jiwe halisemi neno, kwa mpita mbio pwani,
Huona ukuta mno, asijue ni wa nani,
Kaeni, mshike wino, muulize visiwani,
Penye jiwe pana mtu, mwenye jina na imani.

Walimu wetu, ninyi ndio wenye ufunguo wa jambo hili. Serikali yaweza kukarabati ukuta, mataifa yaweza kuandika jina la Kilwa katika orodha zao, lakini hakuna awezaye kumfanya mtoto aulize isipokuwa mwalimu wake. Msiwapeleke vijana Kilwa wakawe watazamaji wa mali yao wenyewe. Wapelekeni wakakae, wakaulize, wakahuzunike panapostahili huzuni, wakafanye kazi. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa kwamba mashua iko tayari kuondoka nanyi hamjamsikia hata mtu mmoja wa pale akisema, ikataeni safari hiyo ya kurudi. Mwambieni nahodha kwamba siku ya tatu bado haijafika.